Unajaza PEPMIS kila wiki na daraja huoni? Mwalimu soma hapa

Juzi mdogo wangu mmoja anayefundisha sekondari huko wilayani kanitumia meseji inbox, "Shikamoo mwalimu, mimi PEPMIS najaza kila wiki, mkuu wangu ananipa maksi nzuri tu, ila niliyeajiriwa naye siku moja kapata barua ya daraja mimi hola, nimekosea wapi?" Nikamjibu marahaba, hujakosea popote, halafu nikaona jibu lenyewe refu bora niliweke hapa maana najua mko wengi. PEPMIS ni ule mfumo wa serikali wa mtandaoni wa kutathmini kazi ya mtumishi, na daraja ndiyo ngazi yako ya mshahara.

Kwenye makaratasi tathmini na daraja vinaenda pamoja. Kiuhalisia unapanda kama jina lako limekaa vizuri kwenye tange, ile orodha ya watumishi kwa ukongwe kazini, na halmashauri imekuwekea hela kwenye bajeti ya mishahara, basi. Ukipata maksi za juu kabisa na bajeti haina jina lako, utabaki na maksi zako.

Sisi wa zamani tulianza na OPRAS, ile tathmini ya fomu za karatasi ya tangu 2004. Mwezi wa sita mkuu anagonga kengele, fomu zinaletwa, tunajaza malengo ya mwaka ambao umeshaisha! Mwenzangu mmoja wa Hesabu alinakili fomu yangu neno kwa neno mpaka pale nilipoandika kufundisha mada ya ramani kidato cha tatu, na mkuu akasaini, maana alikuwa anasaini rundo zima huku anaongea na simu. Tukapata maksi sawasawa. Sa hapo nani atakwambia tathmini inapima kazi? PEPMIS imeondoa karatasi, sawa, ila anayekupitishia ni yule yule mkuu ambaye hajawahi kukaa nyuma ya darasa lako hata dakika kumi, na mtandao ukisumbua unajaza usiku wa manane ili tu uonekane umejaza.

Mimi niliajiriwa na diploma, TGTS C (ngazi za mshahara wa walimu zinapanda kwa herufi). Nikajilipia degree Chuo Kikuu Huria huku nafundisha, nasoma kwa kibatari wenzangu wamelala, nikamaliza nikapeleka cheti niombe kubadilishiwa muundo, yaani nihamishiwe ngazi ya wenye degree. Ikaja 2016, madaraja yakasimamishwa nchi nzima kupisha uhakiki, 2017 ikatoka ile orodha ya vyeti feki ya watumishi 9,932, sisi wenye vyeti halali tukaendelea kusubiri tu mpaka 2021 ndo mambo yakafunguka. Nikabadilishiwa muundo nikawa D. Kumbe mwenzangu ambaye hakusoma popote naye kapandishwa D kwa daraja la kawaida, na mserereko, ule upandishaji wa kufidia waliocheleweshwa, ulivyokuja yeye akaruka kwenda E, mimi nahesabiwa upya kuanzia tarehe ya muundo. Yaani niliyesoma nikawa nyuma ya aliyelala, na ofisini nilivyouliza nikajibiwa "mwalimu si ulitaka degree mwenyewe?" Sijasahau hiyo kauli na sitaisahau.

Mwaka huu barua ya E imefika. Nimefuatilia mwenyewe, sikubebwa na mtu, na ndo maana nina haki ya kuwaambia fuatilieni jamani. Nenda kwa afisa utumishi omba kuona jina lako kwenye tange, angalia tarehe ya kuajiriwa, ya kuthibitishwa na ya daraja la mwisho, maana tarehe moja ikikosewa unapitwa na watoto uliowapokea kazini. Nenda na TSC wilaya (Tume ya Utumishi wa Walimu) pia kuhakikisha jalada lako lina kila kitu, barua ya ajira, ya kuthibitishwa, vyeti, kila barua toa kopi ukae nayo nyumbani. Halafu rudi tena ufuatilie. Walimu wengi tunaogopa ofisi, tunakaa kwenye magrupu ya WhatsApp tunaulizana "jamani madaraja vipi", grupu halipandishi mtu daraja.

Kingine kinachoniuma, njia ya kupanda kwetu inakutoa darasani. Mkuu wa shule ana posho ya madaraka, mratibu elimu kata anayo, mwalimu wa Fizikia ambaye watoto wake wanafaulu kila mwaka hana kitu zaidi ya makofi siku ya mahafali, kwa hiyo akipata upenyo wa ukuu anaacha chaki na shule inapoteza mwalimu. Kima cha chini cha mshahara serikalini kimepanda 2025 kutoka 370,000 mpaka 500,000 na tumeshukuru, ila huyo wa Fizikia swali lake liko pale pale. Ningekuwa mimi naamua, tathmini ingefanywa na mwalimu wa somo hilo hilo kutoka shule jirani, akae darasani aone, na anayefundisha vizuri alipwe kama mkuu bila kuhama ubao. Wazee wangu wa chama cha walimu hili mlisemee, kila Mei Mosi tunadai nyongeza tu.

Na wewe mdogo wangu uliyeniandikia, usisubiri mwezi wa saba, hapo bajeti imeshafungwa. Ikama (idadi ya watumishi wanaohitajika) na bajeti huwa zinaandaliwa mapema kabla mwaka wa fedha haujaanza, omba ruhusa kwa mkuu siku ambayo huna vipindi, beba kopi ya barua ya mwenzako kama atakubali kukupa, na ukifika usiulize "daraja langu lini", uliza "jina langu liko kwenye bajeti ya mwaka ujao?" Wakikujibu njoo tena upesi, waambie utasubiri hapo hapo kwenye benchi.