Jibu: Mbwa ana mabaka ya mviringo yasiyo na manyoya, ni fangasi?

Habari ndugu. Umeuliza kama mabaka ya mviringo yaliyonyonyoka manyoya kwa mbwa wako ni fangasi. Tafadhali usipake dawa bado. Kwa mbwa, duara lenye ukingo wa magamba mara nyingi ni kipele cha usaha kilichopasuka, yaani bakteria. Utitiri wa demodeksi, yaani vijidudu vidogo sana vinavyoishi kwenye ngozi, nao hunyonyoa manyoya, hasa usoni na miguuni, mara nyingi bila kuwasha. Kwa macho tu ni vigumu kutofautisha. Daktari wa mifugo atakwangua ngozi na kuipima.

Kwanza angalia kama anajikuna. Kisha tenganisha manyoya utafute vipele vipya, maana kidonda kilichokwisha kukunwa hakisemi mengi. Piga picha ukiweka rula pembeni.

Nawa mikono kila ukimshika: ikiwa ni fangasi, huambukiza watu, watoto hasa.