Kabla hujalipa, ligeuze miguu juu: kochi la kale lililonigharimu 2,250,000

Dada, usitume hiyo pesa. Umeandika kwamba umepata Moshi kochi la kale la kujilaza, lile refu lenye egemeo upande mmoja ambalo wauzaji hupenda kuliita shezilongi, kwamba dalali anataka 1,400,000, kwamba limeshavishwa kitambaa kipya ili usihangaike, na sasa unauliza rangi ya mahameli itakayopatana na mapazia, kama uliweke sebuleni au chumbani, na gari la kulileta hadi Njiro. Nilipofika kwenye hayo maneno ya kitambaa kipya moyo ulinidunda, kwa sababu na mimi niliuziwa Moshi kochi la namna hiyo hiyo, likiwa limevishwa upya hivyo hivyo, na maneno niliyoambiwa yanafanana na hayo uliyoyanukuu.

Dalali alinipeleka kwenye nyumba moja ya Shanty Town yenye baraza pana, na kochi lilikuwa limewekwa chini ya dirisha, likipigwa na jua la saa nne. Miguu ya mbele ilikuwa imekerezwa vizuri sana, ya mahogani nyeusi, na chini yake kulikuwa na magurudumu madogo ya shaba yaliyolika upande mmoja kwa kusukumwa miaka mingi. Aliniambia kwamba ni kochi la enzi ya Malkia Victoria, kwamba mlowezi wa Kijerumani alilileta kwa meli na kuliacha Waingereza walipoingia Moshi mwaka 1916. Nikapiga magoti, nikaishika ile miguu, nikaona kwamba ni ya kale kweli, nikaamini kwamba kiwiliwili chote kina umri wa miguu. Hapo ndipo nilipopotea. Nililipa 1,600,000 papo hapo, bila kuomba hata dakika tano za kuligeuza.

Usafiri hadi Arusha ulikuwa 120,000. Rangi ya kile kitambaa haikunipendeza, kwa hiyo nilinunua mahameli mita 8 kwa 35,000 kila mita, na fundi wa makochi wa Ngarenaro akachukua 250,000 za ufundi. Jumla yake ni 2,250,000. Huyo fundi alikivisha kitambaa changu juu ya kile cha zamani bila kufungua chochote, na nilipomuuliza kuhusu fremu alinijibu kwamba vitu vya Mzungu haviozi.

Baada ya wiki kama tano, nikiwa napiga deki asubuhi, nilikuta chini ya mguu wa nyuma kichuguu kidogo cha unga, mweupe kama sembe na laini kiasi cha kuteleza vidoleni. Nikaufagia. Kesho yake ulikuwa umerudi mahali pale pale. Nilidhani ni vumbi la ukuta, na nikaendelea kufagia hadi siku ambayo mama yangu alishuka kutoka Machame, akaketi upande wa egemeo, na mguu ukakatika chini yake kama muwa mkavu. Aliangukia nyonga. Namshukuru Mungu hakuvunjika, lakini mpaka leo nikisikia mbao inalia ndani ya nyumba huwa nasimama.

Jioni ile nililigeuza, nikachana kile kitambaa cheusi cha chini kwa kisu cha jikoni, na ndipo nilipoona nilichonunua. Mbao za nyuma zilikuwa nyeupe na nyepesi, zimebunguliwa kama mahindi yaliyokaa ghalani bila dawa, zenye vitundu vya ukubwa wa kichwa cha pini. Zilikuwa zimeungwa kwa skrubu za nyota, zile ambazo zilianza kuuzwa Marekani katika miaka ya 1930, wakati Mjerumani wa dalali alikuwa ameshaondoka miaka mingi. Kwenye kalio kulikuwa na kipande cha plaiwudi na sponji. Kochi la enzi ya Victoria hujengwa kwa mikanda iliyosukwa chini ya fremu, springi zilizofungwa kwa kamba moja moja, gunia, na singa za farasi juu yake, kwa kuwa sponji la kiwandani liliingia kwenye makochi baada ya Vita vya Pili vya Dunia.

Hata hivyo, usilihukumu kochi kwa sponji peke yake, maana kochi la kweli linaweza kuwa lilipitia mikononi mwa fundi mvivu aliyetupa singa akajaza sponji, na skrubu moja ya nyota inaweza kuwa ya matengenezo tu. Tazama kingo za mbao ambako kitambaa hupigiliwa. Kochi lenye miaka mia moja na zaidi limevuliwa na kuvishwa mara nyingi, na kila mara misumari midogo huacha tundu zake, hivyo kingo zake huwa zimetobolewa tobotobo, tundu juu ya tundu. Kingo za kochi langu hazikuwa na tundu hata moja la msumari, zilikuwa na pini za stepla peke yake. Mtu alikuwa amechukua miguu miwili kutoka kwenye kochi lililokufa, akaunganisha mbao mpya zenye wadudu, akafunika yote kwa kitambaa kizuri. Na wale wadudu hawakuishia hapo, kwa sababu kabati langu la vitabu lililokuwa jirani nalo sasa lina vitundu vile vile na nimelitoa nje kulipaka dawa.

Yule dalali nilimpigia simu. Akasema kwamba mimi ndiye niliyelipenda. Ni kweli nililipenda, lakini hadithi ya meli na mlowezi aliitunga yeye, akanitazama usoni wakati akiisimulia, na alijua kilichokuwa chini ya kile kitambaa kwa sababu mtu haungi fremu na kuivisha kitambaa bila kuiona.

Kwa hiyo Jumamosi ukienda, beba tochi na kisu chenye ncha. Mwambie akusaidie kuligeuza miguu juu, na umwombe ruhusa ya kufungua kitambaa cha chini kwa kiganja kimoja tu, kwenye kona ya nyuma, kwa sababu mbele ndiko wanakopamba. Tafuta tundu za misumari ya zamani. Sukuma ncha ya kisu kwenye mbao za nyuma, na ikizama kama kwenye mkate, ondoka. Gonga kila mguu kwa kiganja huku umetandaza karatasi nyeupe chini yake, uone kama kuna unga unaodondoka. Akikataa kufunguliwa kwa kisingizio kwamba kitambaa ni kipya na kitaharibika, basi ameshakujibu, na ile 1,400,000 rudi nayo nyumbani.

Akikubali, piga picha za kingo na za viungo kwa karibu, uziweke hapa kabla hujampa hata shilingi ya kishika uchumba. Nitazitazama moja moja.