Kupanga orodha ya programu za ubingwa wa usingizi Marekani

Daktari unayetafuta nafasi ya kusomea ubingwa wa usingizi na ganzi Marekani, ukishamaliza usaili imebaki kazi moja kabla ya matokeo ya Machi: kuziweka programu za mafunzo kwa mpangilio unaoupenda katika mfumo wa NRMP, shirika linalooanisha waombaji na programu. Mfumo huo ndio unaoitwa Match. Wapo wenye alama nzuri na barua nzuri wanaojikwaa hapa, kwa sababu badala ya kuandika wanachokitaka wanaanza kukisia nani atawachukua. Usikisie. Elewa kwanza mashine inavyofanya kazi.

Tangu 1998 hesabu ya Match inaanzia kwenye chaguo la mwombaji. Kompyuta inalipeleka jina lako kwenye programu uliyoiweka ya kwanza. Kama nayo imekuorodhesha na nafasi ipo, unashikiliwa hapo kwa muda. Akitokea mwombaji waliyemweka juu yako na nafasi zimejaa, unatolewa na kupelekwa kwenye chaguo lako la pili. Huko nako hawajui kwamba umeanzia kwingine, wala hawakuhesabii umechelewa: wanakupima kwa namba waliyokupa wao tu, na kama uko juu ya mmoja wa waliomo, huyo anakupisha. Tuseme chaguo lako la tatu lina nafasi 12, nao wamekuweka wa 9. Hata ukifika pale baada ya kukataliwa kwingine mara mbili, wanaoweza kukutangulia ni watu 8 tu, kwa hiyo nafasi yako ipo. Ndiyo maana kuiweka juu programu unayoiona ngumu hakukupunguzii chochote kwa zile za chini. Kinachokupunguzia ni kuishusha ile unayoipenda kwa hofu.

Kwa sababu hiyohiyo, barua pepe ya mkurugenzi inayosema umewavutia sana isibadilishe mpangilio wako. Kanuni za NRMP zinaikataza programu kukuuliza utaiweka ya ngapi, na sifa wanazokupa si ahadi. Ishara za dhahabu na za fedha, yaani alama za kuonyesha programu unazozipenda zaidi, ulizotuma kupitia ERAS, mfumo wa kutumia maombi, nazo zilikuwa za kukuombea usaili. Usijione una deni kwa programu eti kwa kuwa uliipa dhahabu.

Orodhesha kila mahali ambapo ungekubali kufanya kazi, na uache kabisa pale ambapo usingekwenda. Matokeo ya Match ni mkataba unaokufunga, na kujitoa kunahitaji ruhusa ya NRMP yenyewe.

Sasa angalia aina ya nafasi, maana hapa makosa ni ya bei kubwa. Mafunzo ni miaka 4: mwaka wa msingi wa kazi za wodini, kisha miaka mitatu ya usingizi inayoitwa CA-1, CA-2 na CA-3. Herufi iliyomo kwenye msimbo wa programu inakueleza. C ni miaka yote 4 mahali pamoja. A inaanzia mwaka wa pili, hivyo mwaka wa kwanza unautafuta mwenyewe kwenye tiba ya ndani, upasuaji au mwaka wa mpito. R inaanza usingizi Julai ya mwaka huohuo wa Match, kwa daktari ambaye tayari ana mwaka wa msingi unaotambulika; intanishipu uliyofanya Muhimbili au Kenyatta, hata iwe ngumu kiasi gani, haihesabiki kuwa mwaka huo.

Ukiweka nafasi ya A, iambatishe na orodha yake ya nyongeza yenye programu za mwaka wa kwanza. Anayesahau anaweza kupata miaka mitatu ya usingizi bila mwaka wa kwanza, kisha akakimbizana na nafasi zilizobaki katika wiki ya SOAP, ambapo nafasi ambazo hazikujazwa na Match zinagombewa. Kwa anayetoka nje ya Marekani, C inakuondolea kuhama mji na kuanza makaratasi ya viza upya, na hilo peke yake linatosha kuipandisha juu ya A inayolingana nayo.

Baada ya hapo ndipo upime mafunzo yenyewe. ACGME, chombo kinachotoa ithibati kwa programu hizi, imeweka idadi ya chini ya wagonjwa na taratibu ambayo kila mhitimu lazima aifikishe: kina mama 40 wanaojifungua kwa njia ya kawaida na 20 kwa upasuaji, watoto 100 walio chini ya miaka 12, kati yao 20 chini ya miaka 3 na 5 chini ya miezi 3, upasuaji wa moyo 20, angalau 10 kwa mashine ya moyo na mapafu, upasuaji wa ndani ya fuvu 20, epidurali 40, ganzi ya uti wa mgongo 40 na ganzi ya neva za pembeni 40. Kila programu yenye ithibati itakuambia wahitimu wake wanafikisha. Swali lenye faida ni jingine: mhitimu aliyepata kidogo kuliko wote mwaka jana alipata ngapi, na alizipatia wapi? Wastani mzuri unaweza kuficha mtu aliyekamilisha watoto wachanga wake watano katika mwezi wa mwisho.

Watoto ndio wanaosumbua programu nyingi. Hospitali isiyo na upasuaji wa watoto inawapeleka wanafunzi mji mwingine kwa miezi kadhaa. Uliza ni miezi mingapi, na kodi ya nyumba huko analipa nani. Kwenye moyo, uliza kama kuna madaktari wa ubingwa bobezi wa usingizi wa moyo, na nani anashika kipimo cha ultrasaundi kinachopita kwenye umio: wewe au wao. Kuwepo kwao si kubaya, ila wasikuache ukitazama tu. Kwenye ganzi ya neva, baadhi ya hospitali zina timu maalumu inayochoma ganzi zote, na wewe unaigusa sindano mwezi mmoja kwa mwaka.

Saa za kazi zina kikomo cha 80 kwa wiki, kwa wastani wa wiki nne, na zamu ndefu ni saa 24 pamoja na 4 za makabidhiano. Kikomo hakikuonyeshi maisha. Muulize mwanafunzi wa CA-2, bila bosi wake kuwepo: asiye zamu anatoka thieta saa ngapi, na nani anampokea? Palipo na wauguzi wa usingizi wa kutosha mchana unaisha na unakwenda kusoma. Pasipo na watu, wewe ndiye unayeziba pengo, na mtihani wa BASIC wa bodi unaofanywa baada ya CA-1 unakukuta umechoka. Usipoufaulu huo, hukalii ADVANCED, mtihani wa bodi unaofuata.

Viza iulize kwa maandishi, tena kabla hujapanga chochote. J-1, viza ya mafunzo, inadhaminiwa na ECFMG, chombo kinachothibitisha vyeti vya madaktari waliosomea nje ya Marekani; ina kikomo cha kawaida cha miaka 7, inadai barua ya wizara ya afya ya nchi yako inayosema taaluma hiyo inahitajika, na ukimaliza unatakiwa kurudi nyumbani miaka miwili au upate msamaha. H-1B, viza ya kazi, inadai uwe umefaulu Step 3, hatua ya mwisho ya mtihani wa leseni ya udaktari Marekani, na mwajiri akubali kukuombea; programu nyingi hazifanyi hivyo. "Tutaangalia" si jibu. Programu isiyodhamini viza unayoihitaji iondoe, hata kama mji wake ni mzuri. Na hadhi ya ithibati ya kila programu iko wazi kwenye tovuti ya ACGME. Ukiona onyo au muda wa majaribio, taka maelezo kabla hujaiweka.

Orodha ikikamilika, ithibitishe ndani ya mfumo. Ukibadilisha hata mstari mmoja, thibitisha upya, maana badiliko lisilothibitishwa halitumiki. Mwisho huwa saa 3 usiku kwa saa za New York, mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi; kwa aliyeko Nairobi au Dar es Salaam hiyo ni saa 11 alfajiri ya siku inayofuata. Maliza siku mbili kabla, umeme ukiwa upo.