Mleta mada, usiijaze hiyo fomu kwanza

Hebu weka kalamu chini. Kambi ya dansi ya kiangazi, wiki 4, unataka kujiandikisha madarasa matano kwa siku: baleti, Graham (dansi ya kisasa ya Martha Graham), jazi, hip hop na ngoma za Afrika Magharibi. Halafu wiki mbili kabla ya kwenda unataka kupumzika kabisa "ili mwili uwe mpya". Nimesoma hapo mguu wangu wa kushoto ukaanza kuuma upya, maana hayo hayo ndiyo niliyoyafanya mimi.

Mitindo mingi haina ubaya. Graham itakufundisha kuanzisha mwendo kiunoni, kukaza na kuachia. Ngoma zitakushusha chini uusikie mdundo. Raha tupu. Balaa ni kwamba kila mwalimu anahesabu darasa lake tu. Wa baleti anamalizia kwa miruko, kama kawaida ya baleti. Wa jazi naye ana yake. Jioni ngoma, miguu mitupu. Hakuna anayejua wenzake wamekurusha mara ngapi siku hiyo. Mfupa ndio unaojumlisha.

Mimi nilitoka kwenye mazoezi ya mara tatu kwa wiki, nikajidekeza likizo, kisha nikaingia saa 6 kwa siku. Pumzi na misuli vilizoea upesi, mfupa haukuwahi. Wiki ya pili juu ya wayo pakaanza kuuma, sehemu ndogo ya kufunika kwa ncha ya kidole. Uchovu wa misuli husambaa. Maumivu yanayokaa mahali pamoja hivyo, usiyachezee. Nikamwendea mwalimu msaidizi. "Mguu unakomaa huo, endelea." Basi wangu ulikomaa mpaka ukapasuka.

Nilipiga eksirei, ikatoka safi. Hapo ndipo nilipojimaliza. Nikarudi darasani kwa mbwembwe, nikaruka wiki nzima nyingine, tena mstari wa mbele, eti picha imenisafisha. Kumbe ufa wa namna hii, wa mfupa uliochoshwa na miruko, mara nyingi hauonekani kwenye eksirei za mwanzo! Hakuna aliyeniambia, na mimi sikuuliza kwa sababu jibu nililopewa lilinifurahisha. Kipimo kingine cha picha, MRI, ndicho kilichousema: mfupa wa wayo, ule wa kidole cha pili. Wiki 8 ndani ya buti la hospitali. Onyesho la mwisho nililitazama nimekaa, nimeshika mabegi ya wenzangu. Walisema nayashika vizuri.

Kwa hiyo hesabu miruko, usihesabu madarasa. Badala ya kulala hizo wiki mbili, anza sasa kuongeza mazoezi kidogo kidogo, wiki 4 hadi 6, mwishoni upunguze siku chache tu. Ukifika kule, siku uliyoruka sana kwenye baleti, kwenye jazi pita hatua zote bila kuruka. Mwambie mwalimu kabla darasa halijaanza. Atanuna? Anune. Hesabu miruko!

Uliuliza pia habari za viatu na nini tena... sikumbuki. Viatu beba vilivyokwishauzoea mguu wako. Hayo mengine wengine watakujibu.

Na wewe mwalimu msaidizi, kama umo humu: buti bado ninalo, nitumie saizi yako.