Nilidhani ni nusu, kumbe ni theluthi mbili

Mdogo wangu ana selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi. Mimi sina, wazazi wetu hawana. Kwa miaka mingi niliamini uwezekano wa mimi kubeba jeni ya ugonjwa huo ni nusu kwa nusu. Nilipokaribia kuoa ndipo nilipoketi na kalamu nikaona nilivyokosea.

Kila mtu hupokea jeni moja kwa baba na moja kwa mama: A ni ya kawaida, S ni ya selimundu. Mdogo wangu ni SS: alipokea S moja kwa baba na nyingine kwa mama. Basi wote wawili ni wabebaji, yaani AS: wana S moja lakini hawaumwi. Mtoto wao anaweza kupata A kwa wote. A kwa baba na S kwa mama. S kwa baba na A kwa mama. Au S kwa wote. Njia nne, zote sawa kwa uzito. Lakini mimi ni mtu mzima na siumwi, kwa hiyo ile njia ya SS naifuta. Zinabaki tatu, na mbili kati yake ni za mbebaji. Theluthi mbili! Kama una ndugu wa baba mmoja mama mmoja mwenye ugonjwa wa namna hii, nawe na wazazi wenu hamuumwi, anza na namba hiyo.

Mchumba akiwa AS, zidisha theluthi mbili kwa robo, yaani ile njia moja ya SS kati ya nne: mtoto mgonjwa ni moja kwa sita.

Kuna kauli moja iliyomuumiza sana mama. Aliambiwa, "Mmoja ameshaumwa, watatu wanaofuata watakuwa salama." Si kweli. Robo hiyo huanza upya kila ujauzito. Wazazi wawili AS wakipata watoto wawili, uwezekano wa wote kuepuka ugonjwa ni 3/4 mara 3/4, yaani 9/16. Kinachobaki, 7/16, ni uwezekano wa angalau mmoja kuumwa, nacho kinakaribia nusu.

Hesabu ni ya kukusukuma ukapime, haichukui nafasi ya kipimo. Omba kile kinachotenganisha aina za himoglobini, protini ya damu inayobeba oksijeni. Baadhi ya vipimo vya haraka huonyesha tu kwamba S ipo. Havitofautishi AS na SS, na havioni himoglobini C, ambayo ikikutana na S nayo huleta selimundu.

Majibu yangu yalitoka AS, ya mchumba wangu AA. Hakuna mtoto wetu atakayekuwa SS, ila kila mmoja ana nusu ya uwezekano wa kuwa mbebaji kama mimi. Tumekubaliana watajua hivyo kabla hawajaanza kuchumbiana.