Goti la mama: asikimbilie kisu

Dada, umeuliza kama mama yako, mwenye miaka 63, akubali kupasuliwa goti kwa kamera kwa sababu gegedu, ule utando laini unaofunika ncha za mifupa gotini, limelika, na atapona baada ya muda gani. Mimi namwombea asubiri. Matundu ya kupitishia kamera ni madogo kweli, na wengi hurudi nyumbani siku ileile, lakini kusafisha goti hakurudishi gegedu lililokwisha. Mwaka 2002 madaktari wa Houston, Marekani, walichapisha utafiti wa wagonjwa 180: wengine walisafishwa goti, wengine walikatwa ngozi kidogo tu bila kuguswa ndani. Baada ya miaka 2 maumivu yalikuwa yaleyale kwa wote. Mwaka 2017 jopo la BMJ, jarida la kitabibu la Uingereza, likashauri kwa uzito wagonjwa wa aina hii wasifanyiwe.

Akishafanyiwa, uvimbe unaweza kukaa wiki kadhaa. Shavu la mguu likivimba na kuuma, awahi hospitali, huenda damu imeganda.

Mama yangu hapa Jinja, Uganda, alianzia kwenye kiti: ananyoosha mguu, anahesabu hadi 5, anashusha polepole, mara 10, asubuhi na jioni. Jerikeni ya lita 20 tukamnyang'anya, na kwenye choo cha shimo tukaweka kiti chenye tundu, maana kuchuchumaa ndiko kulikomtoa machozi. Ilichukua miezi 3, siku hizi anafika sokoni kwa miguu.

Ila goti likikwama ghafla lisinyooke kabisa, hilo ni jambo jingine, daktari wa mifupa alione mapema.