Kabla hujampa fundi simu atoe loki

Mwaka 2021 nilinunua simu iliyotumika pale Kariakoo, mtaa wa Aggrey, kwa shilingi 180,000. Muuzaji aliniambia imeshafutwa, imebaki niweke akaunti yangu tu. Usiku nikaiunganisha na intaneti, ikanidai akaunti ya Google ya mtu aliyekuwa akiitumia kabla yangu. Nikampigia muuzaji. Hakupokea usiku ule wala kesho yake.

Nikaenda kwa fundi. Kwa shilingi 15,000 aliiflashi, yaani aliiwekea upya mfumo wake, kwa faili alilokuwa nalo kwenye kompyuta yake, nusu saa simu ikafunguka. Nilifurahi kweli. Wiki haikuisha, matangazo yakaanza kujitokeza juu ya kioo hata nikiwa sijafungua kitu, na programu ya benki ikagoma kabisa kufunguka. Nilichelewa kujiuliza: faili lile lilitoka wapi, na nani mwingine anasoma meseji zangu za pesa?

Lakini kilichoninyima usingizi ni kingine. Loki ile aliiweka mwenye simu, na Google waliileta kwenye Android mwaka 2015 ili mwizi akiifuta simu isimfae kitu. Huenda kuna mtu alilia kwa ajili ya simu ile. Na laini niliyoiweka humo imesajiliwa kwa alama zangu za vidole. Polisi wakiifuatilia, jina watakalolikuta ni langu, na kupokea mali ya wizi ni kosa. Niliizima, sijaiwasha tena.

Kwa hiyo, ndugu yangu, kwanza jiulize loki ni ya nani. Kama simu imetoka nje na inakubali laini ya kampuni moja tu, hilo ni jambo jepesi: iombe kampuni iliyoiuza iifungue. Marekani ina sheria ya mwaka 2014 inayomruhusu mwenye simu kuifungua, na Uingereza imezuia kampuni za simu kuuza simu zilizofungwa tangu Desemba 2021.

Simu ya mkopo ni habari nyingine. Vijana wengi mtaani wanamlipa fundi aitoe loki ya mkopeshaji wakiwa bado wanadaiwa. Simu hiyo si yako mpaka umalize, mkataba umeusaini mwenyewe na deni halifutiki kwa kuflashi. Tena loki nyingine zimesajiliwa kwa mtengenezaji, hivyo simu ikigusa intaneti inajifunga upya, na hela ya fundi imekwenda. Ukikwama, zungumza na waliokukopesha wakupangie upya malipo.

Na fundi akikwambia atabadilisha IMEI, chukua simu yako uondoke. Tarakimu zile 15 ndizo utambulisho wa simu, na Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010 imekataza kuzichezea.

Siku hizi nikinunua simu iliyotumika napiga *#06# IMEI itokee, nalinganisha namba na ya kwenye boksi, kisha naituma kwa meseji kwenda 15090 nione kama jina la simu linalorudi ndilo hilo nililoshika. Halafu nawasha data palepale dukani, naweka akaunti yangu mpaka mwisho, simu ikubali kufunguka mbele ya muuzaji. Naomba na risiti yenye IMEI. Muuzaji akisema "hiyo ndogo, fundi wetu yupo ghorofani anatoa", hela yangu inarudi mfukoni.